Salamu Zilizotupeleka Jangwani

Rafiki zangu, tangu Alhamisi mnanisimamisha dukani, msikitini na hata kwa kinyozi nikiwa na sabuni shavuni. Kila mmoja ana swali, na kila mmoja ameshapewa jibu na mwenzake kabla sijafungua mdomo. Nimesikia kwamba niligonga mbuzi. Nimesikia kwamba shangazi yangu aliangukia baharini. Mbuzi hakuwapo, na shangazi angeangukia baharini, bahari ndiyo ingekuja kunishitaki. Basi nimeandika yote mara moja. Mpokezane karatasi hizi, mniache nikate vitambaa vya watu kwa amani.

Mnajua kwamba Mzee Shomari wa Kigamboni alikuwa ametuma neno: posa yangu kwa binti yake Zainabu angeisikiliza Alhamisi kabla ya Alasiri, na Ijumaa angemsikiliza mwingine, karani wa reli mwenye saa ya mkononi na viatu vinavyolia akitembea. Mtu mwenye akili timamu angevaa kanzu, akamchukua shangazi yake, wakatembea taratibu hadi Magogoni, wakavuka. Ni mwendo mfupi hata kwa mwenye mguu mbovu. Mimi nilitaka kufika kwa kishindo, nikaenda kwa pikipiki. Tulitumia siku nzima.

Uani kwa Bwana Jamnadas, Mchafukoge

Bwana Jamnadas ni tajiri wangu. Ana duka la nguo Mchafukoge, na familia yake inakaa ghorofani juu ya duka. Aliinunua pikipiki ile kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilitoka jeshini, na ni nzito kiasi kwamba ikikwama inahitaji wanaume wanne na matusi mengi. Ubavuni, upande wa kushoto, imefungwa kigari cha gurudumu moja cha kukaa mtu. Bwana Jamnadas hubebea humo majora ya khanga kupeleka kwa wateja wake Kariakoo. Mwendeshaji wake alipoacha kazi, niliulizwa kama naijua. Nikasema naijua. Nilichokijua ni baiskeli, lakini hilo sikuulizwa.

Wiki mbili nilizunguka tangi la maji uani, watoto wa ghorofani wakinichungulia na kucheka. Nikajifunza kwamba pikipiki ya namna ile ina tabia zake. Ukiongeza mafuta, kigari kinabaki nyuma na chombo chote kinavuta kushoto. Ukipunguza ghafla, kigari kinataka kutangulia na chombo chote kinavuta kulia. Kuilaza kwenye kona kama baiskeli ni kazi bure. Inageuzwa kwa mabavu, kama punda asiyetaka kuondoka kivulini. Mkono wa kulia unashika mafuta na breki ya mbele, wa kushoto unashika klachi, na hakuna mkono wa tatu. Haina rivasi. Ukiingia mahali, utatoka kwa mbele au utatolewa na watu.

Alhamisi asubuhi nikaomba kuazimwa.

"Unaenda kuposa, Abdu, au unaenda kujionyesha?" Bwana Jamnadas akaniuliza.

"Kuposa, bwana."

"Mimi nilioa bila kupanda kitu chochote, na mke nilimpata huyo huyo." Akanipa ufunguo wa geti. "Utarudi saa ngapi?"

"Saa sita, bwana, Inshallah."

Akacheka, akamwita mama yake mzee aliyekuwa dirishani, akamweleza kwa Kigujarati, naye mama akacheka pia. Wakaniteremshia chapati na dengu kwenye sahani ya bati, nikala nimesimama. Nilidhani ni ukarimu. Sasa naona walikuwa wanamlisha mtu anayekwenda mbali.

Kwa Shangazi, Kariakoo

Mnazi Mmoja nilipita vizuri sana, na nalisema hili kwa sababu hakuna aliyeniona. Kariakoo ndiko kwenye macho.

Shangazi Mwanahawa, dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa aiseme posa. Hakuna mtu anayejua kuposa kama yeye. Ameposea nusu ya mtaa wake, na nusu nyingine inamwogopa. Nilimkuta mlangoni amevaa buibui jipya, udi unanukia toka upande wa pili wa barabara, na mkononi ana barua ya posa imefungwa kwenye leso ya hariri. Akakitazama kigari.

"Ndimo nikae humo?"

"Ndimo, shangazi."

"Wanaonekana waliomo?"

"Wanaonekana toka kiunoni kwenda juu."

"Basi tusipite njia fupi," akasema, akaingia. Akajaa. Nilizungusha pikipiki ielekee Msimbazi, nikapiga kiki mara tano ndipo ikawaka, na wakati huo majirani wote walikuwa wametoka.

Mtaa kwa mtaa

Hapa ndipo shida ilipoanza, na nawaomba mnaonicheka mnijibu: mngefanyaje?

Kariakoo ina baraza kila nyumba, na kila baraza lina wazee. Kijana hampiti mzee bila kumwamkia. Ukiwa kwa miguu ni jambo la kawaida, huhitaji hata kufikiri. Ukiwa kwenye baiskeli unateremka. Lakini juu ya pikipiki ile sauti haifiki kokote, nilipaza "Shikamoo!" hadi koo likakwaruza, na injini ikaimeza yote. Kutikisa kichwa? Mzee umtikisie kichwa kama mjusi ukutani, jioni habari imefika kwa mama yako. Kilichobaki ni kuinua mkono. Na mkono wenyewe lazima uwe wa kulia, maana hakuna aliyelelewa Kariakoo atakayemsalimia mtu mzima kwa mkono wa kushoto, hata nyumba ikiungua.

Sasa kumbukeni mkono wa kulia unashika nini.

Baraza la kwanza nikauinua. Mafuta yakakatika, kigari na shangazi wakatangulia, pikipiki ikavuta kulia, injini ikazima. Tukasimama katikati ya barabara tumelalia upande. Nikateremka, nikaamkia vizuri, nikapiga kiki. Baraza la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Shangazi, badala ya kunionea huruma, alikuwa akinitajia wazee kabla hatujawafikia.

"Huyo ni Mzee Feruzi, alikuja mazikoni kwa baba yako. Yule pale kaka yake. Usimruke."

"Shangazi, tutachelewa."

"Tutachelewa na adabu zetu. Unataka Mzee Shomari asikie kwamba mposaji kapita Kariakoo kama gari la taka?"

Nikaona ana maana. Nami, kusema kweli, nilikuwa najisikia. Kijana mwenye pikipiki ambaye bado anasimama kwa wazee. Nilidhani mji mzima utanisifu.

Kwenye kona ya sokoni kuna baraza la Mzee Kitwana, ambako kahawa inapikwa toka alfajiri na siasa za kila nyumba zinajulikana. Liko upande wa kulia. Nadhani mmeshaelewa. Nikainua mkono kwa heshima zote, na pikipiki ikawafuata wale wale niliokuwa nawasalimia. Wazee waliruka. Sijawahi kuona wazee wakiruka vile. Tairi la mbele likasimama juu ya mkeka, kwenye bao lao, na birika la kahawa likamwagika kwenye makaa na kutoa moshi.

"Shikamooni," nikasema.

Mzee Kitwana, kofia imemkalia upande, akasema, "Marahaba. Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

Kuondoka haraka hapo ingekuwa tusi la pili. Ilibidi tukae, kahawa ipikwe upya, ninywe vikombe vitatu, nile kashata, nieleze ninakokwenda. Wakati huo Kariakoo nzima ilikuwa imezunguka pikipiki, na Kariakoo nzima ilikuwa fundi. "Itie maji!" "Amezidisha mafuta!" "Ikaze hapo chini!" Hakuna hata mmoja aliyewahi kukalia kitu chenye injini. Muuza vitunguu mmoja alinieleza kwa saa nzima jinsi ya kukata kona, na yeye husukuma rukwama.

Jangwani, ambako hatukukusudia

Tulipofika mwisho wa Msimbazi, penye barabara ya Morogoro, jua lilikuwa juu ya vichwa. Kulia ni mjini na Magogoni. Kushoto ni mteremko wa Jangwani, na mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zimekwisha.

Kwenye kona palikuwa na mzee mmoja tu, amekaa kwenye kigoda, simjui hanijui. Shangazi akanigusa. Nikainua mkono. Pikipiki ikaanza kuzima, nami kwa hofu ya kupiga kiki nyingine nikaurudisha mkono upesi nikavuta mafuta yote. Nilitaka kulia. Chombo kilitaka kushoto. Tukakata kona ile kwa kasi ambayo sitaki kuikumbuka, shangazi akisoma dua kwa sauti ya juu, tukashuka Jangwani moja kwa moja hadi nikaona matope mbele na matope pembeni. Nikabana breki. Tukavuta kulia, tukaacha barabara, tukazama hadi nusu ya gurudumu.

Aliyetutoa ni bwana mmoja mwenye bustani ya mchicha pale bondeni, pamoja na wenzake watatu. Hawakuuliza kitu. Shangazi walimtoa kwanza, kwa heshima, wakamkalisha juu ya gunia. Wakaibeba pikipiki hadi barabarani.

"Sasa igeuze, sisi tushike nyuma," yule bwana akasema.

Nikaiwasha, nikageuza kushoto kurudi nilikotoka. Kumbe kigari chenye shangazi na kigari kitupu ni vitu viwili. Kikiwa kitupu, ukikata kushoto kinanyanyuka, na kilinyanyuka hadi gurudumu lake likawa usawa wa sikio langu. Mtu mwenye ujuzi angekiegemea kikashuka. Mimi niliegemea kulia kukikimbia, kikazidi kupanda, nami nikaondoka kwenye kiti nikalala kwenye mchicha wa watu. Kanzu ambayo ilipigwa pasi jana yake ikawa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Goti hili mnaloniuliza nililiumizia hapo.

Yule bwana aliniinua kwa mkono mmoja. "Ndugu yangu, unaenda wapi hivi?"

"Naenda kuposa."

Akanitazama toka juu hadi chini. "Wanakujua?"

Adhana ya Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Shangazi hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alirudi kigarini kimya, akakunja leso yenye barua akaiweka kifuani. Nikawaza kwamba Alasiri haiko mbali, na kwamba karani wa reli yuko nyumbani anapaka viatu rangi. Nilitaka kulia kama mtoto.

Magogoni

Njia ya kurudi mjini haikuwa na mabaraza mengi kama Kariakoo, lakini ilikuwa nayo. Niliwasalimia wote. Najuta, msiniambie tena. Magogoni tulikuta pantoni imeondoka na foleni ya watu wenye mizigo. Tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tumesimama, shangazi akinipangusa matope usoni kwa kidole chenye mate.

Pantoni iliporudi, mabaharia waliniambia nishuke taratibu kwenye ule mteremko wa kuingilia. Taratibu nikaiweza. Lakini mlinzi wa pale ni mtu mzima, akaniambia karibu. Mkono ukapanda wenyewe, nawaapia sikuutuma. Ikazima katikati ya mteremko, nusu nchi kavu nusu chomboni. Nikapiga kiki hadi abiria wakaanza kuhesabu kwa pamoja. Mwishowe tulisukumwa.

Tulikuwa katikati ya maji nilipoisikia adhana ya Alasiri toka ng'ambo.

Kigamboni

Mzee Shomari ni mwashi, mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa amekaa kibarazani kwake na koti juu ya kanzu. Niliizima mbali, tukaisukuma mimi na vijana wa bandarini, nikidhani nimefanya busara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa. Ila nimekusikia toka ng'ambo, siwezi kusema hukuja. Ulipiga kiki kumi na tatu."

Sikuwa najua, na wala ninyi hamkuwa mnajua, kwamba wakati wa vita Mzee Shomari alikuwa Burma akipeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Shangazi alikaa, akafungua leso, akaanza maneno yake mazuri ya kuposa, yale yanayoliza watu. Mzee alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Tukaletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kisha akaacha habari ya ukoo, akaacha habari ya kazi na sala, akaniuliza:

"Mbona ilikuwa inazima?"

Nikamweleza, na kwa fahari kidogo, kwamba nilikuwa nasalimia wazee. Wote. Toka Msimbazi hadi Magogoni.

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia, baba. Wa kushoto nisingethubutu."

Toka ndani, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya Zainabu: "Baba, muulize, shangazi yake hakuumia?"

"Umesikia swali?" Mzee akasema. "Huyu mama umemketisha ubavuni, halafu unaachia mafuta na breki ili watu wakuone una adabu. Kesho atakaa humo binti yangu. Jeshini alipita jenerali mbele yangu, sikumpigia saluti. Ningeinua mkono, mimi na barua zake tungekuwa shimoni."

"Lakini, baba, Kariakoo watasema nina kiburi."

"Watasema." Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Nipeleke nawe hadi kwa shangazi yako. Ukiinua mkono mara moja tu, mimi nashuka, na kesho namsikiliza yule wa reli."

Kurudi

Mzee akakaa kiti cha nyuma, shangazi kigarini, mimi mbele na goti langu. Alinifundisha mambo matatu tu njiani, kwa kunipiga bega: kabla ya kuongeza mafuta vuta usukani kulia kidogo, kabla ya breki vuta kushoto, kona ya kushoto egemea kigari. Magogoni mlinzi akaniaga, nikampita kama sikumwona. Ilinichoma.

Kariakoo jua bado lilikuwepo na mabaraza yamejaa. Wale wale. Mzee Feruzi akainua mkono wake kwanza, mzee wa watu, akabaki ameuinua. Kaka yake akasimama. Nilibana usukani hadi vidole vikafa ganzi. Shangazi alivuta buibui akajifunika uso wote. Asubuhi alitaka aonekane, sasa alitaka apotee. Kwenye baraza la Mzee Kitwana nilimsikia yeye mwenyewe, juu ya injini: "Abdu! Huoni watu?" Nikapita. Pikipiki haikuzima hata mara moja, ilinyooka barabarani vizuri mno, na sijawahi kujisikia mtu mbaya kiasi kile.

Tulisimama mlangoni kwa shangazi. Mzee Shomari akashuka, akapangusa kanzu, akageuka akaanza kurudi tulikotoka kwa miguu, bila neno. Nikajua nimekosa mahali. Labda kidole kiliinuka bila mimi kujua. Shangazi akanisukuma mgongoni. "Mfuate, umwombe!"

Nikamfuata nikichechemea. Hakukata kuelekea Magogoni. Alikwenda kwa Mzee Feruzi, akampa mkono, akaenda kwa kaka yake, akampa mkono, kisha moja kwa moja hadi baraza la Mzee Kitwana. Akavua viatu. Akamshika mkono kila aliyekuwapo, mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akapokea kahawa. Mzee Kitwana akaninyooshea kidole.

"Huyo aliye nyuma yako ametupita sasa hivi kama mawe."

"Ndilo lililonileta," Mzee Shomari akasema. "Mniwie radhi, wenzangu. Mkwe wangu hana kiburi. Mikono yake niliifunga mimi."

Nikapiga goti bovu chini, nikamshika Mzee Kitwana kwa mikono yote miwili. Nilitaka kusema shikamoo, na kwa machozi sikuweza kuimaliza.